Utelezi wa Zaina na Panya wa Masoudi

Nimefundisha sayansi miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo mtu akiniuliza panya ni nini, namuuliza kwanza, panya yupi? Ugonjwa huu niliambukizwa na Masoudi Mnapala, mkulima wa Matambarale aliyeishia darasa la nne, na sijapona. Wenzangu wanadhani najidai. Sijidai, nimechanganyikiwa tu, na nitajaribu kueleza nilivyochanganyikiwa.

Nilihamishiwa Matambarale mwaka 1994 nikitokea Rombo. Wakati huo tulikuwa bado Wilaya ya Nachingwea. Mwaka uliofuata tukaambiwa sisi sasa ni Ruangwa, wilaya mpya, lakini barua zetu hazikuambiwa, ziliendelea kwenda Nachingwea miaka kadhaa. Nyumba niliyopewa ilitazamana na ya Masoudi. Siku ya kwanza alikuja kunisalimia ameshika kijiti chenye panya sita waliobanikwa, wamepangwa mdogo mbele, mkubwa nyuma, mikia yote upande mmoja.

"Karibu, mwalimu Agapiti," alisema. "Usiwe na wasiwasi, hawa ni wa shamba."

Kwetu panya ni wa kuwekewa sumu. Niliwapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaingia ndani nikakaa nao mezani tukitazamana. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amenipa heshima kubwa. Huku, mavuno yakiisha, panya wa shamba ni kitoweo cha watu wenye adabu zao, na wa nyumbani haguswi na mtu. Anayeshindwa kuwatofautisha huchekwa kama anayeshindwa kutofautisha mbuzi na mbwa.

Masoudi alikuwa mtegaji, kama baba yake. Alilima ufuta na mihogo kama kila mtu, lakini ukimuuliza yeye ni nani, angesema mtegaji. Mkewe Zaina hakutaka panya wakaribie vyungu vyake, kwa sababu za dini na kwa sababu zake mwenyewe, kwa hiyo Masoudi alikuwa na mafiga yake nyuma ya nyumba. Suala la dini aliwahi kulizungumza na shehe mara moja. Sikuambiwa waliafikiana nini, ila nilimwona shehe akipita njia ya nyuma mara mbili tatu msimu wa mavuno, na sikuuliza.

Jambo lililonivuruga akili ni namna Masoudi alivyowapanga panya wake. Mimi nilifundisha kwamba mnyama hupangwa kwa mwili wake. Yeye aliwapanga kwa mashimo. Kuna wa shimo la mlango mmoja na wa milango miwili, kuna wa chini ya kisiki na wa pembeni mwa kichuguu. Nilimwambia huo si uainishaji, ni sawa na kuwapanga watu kwa nyumba zao.

"Kwani ninyi mnawapangaje watu?" aliuliza. "Si mnauliza anakaa wapi?"

Katika wote, mmoja alimheshimu kuliko wengine. Alikuwa na jina la Kimwera ambalo sijawahi kulitamka bila watoto wa shule kucheka, kwa hiyo hapa nitamwita panya wa mchanga. Rangi yake ya udongo mwekundu, tumbo jeupe, miguu ya nyuma mirefu, akitembea anaruka. Hakuishi mahali popote pengine ila kwenye kipande kimoja cha mchanga mtupu, mwendo wa saa moja kutoka kijijini, ambapo hata mihogo hukataa. Mahali hapo Masoudi alitega na baba yake kabla yake. Ardhi ilikuwa ya kijiji, lakini hakuna aliyeitaka.

Halafu zikaja zile mvua za elinino, mwishoni mwa tisini na saba na kuendelea. Barabara ya Nachingwea ilikatika, madaraja yakaenda, na ule mchanga ukakaa chini ya maji wiki nyingi. Mwaka uliofuata Masoudi alirudi na panya wa mchanga saba. Mwaka wa baada yake, wanne. Kisha akaacha kutega pale, akawa anakwenda kuangalia tu. Aliniambia jambo hili kama mtu anayeeleza ugonjwa wa ndugu yake, nami nikamjibu kama daktari mvivu, kwamba panya huzaa sana, watarudi.

Mwaka 2000, mwezi wa nane, ilikuja barua. Ilikuwa imezunguka Nachingwea karibu mwezi mzima, na ilisema mtafiti kutoka Dar es Salaam, Bi Doris, anakuja Matambarale kuangalia mmea mdogo wa kijani unaoota juu ya mawe ya kisima chetu. Mmea huo uliwahi kuchukuliwa hapo miaka mingi nyuma, haukuonekana tena kwingine, na huenda ni adimu sana. Barua ilisomwa kwenye mkutano. Watu walielewa sehemu moja tu, kwamba mgeni anakuja kutazama kisima.

Mgeni akija kutazama kisima, unafanya nini? Unakisafisha. Kinamama walikwenda na Zaina mbele yao, na majivu, na mabrashi ya makumbi ya nazi, na mapanga butu. Ule mmea Zaina aliujua vizuri, aliuita utelezi. Mama yake mzazi aliteleza juu yake akavunjika nyonga, na tangu hapo aliuchukia kama adui wa ukoo. Walisugua mawe siku mbili. Walipomaliza yalikuwa meupe kama sahani, na mwenyekiti wa kijiji aliwashukuru hadharani. Mimi nilikuwepo. Mimi, mwalimu wa sayansi, niliyekuwa nimeisoma barua yote, nilisimama nikapiga makofi.

Bi Doris alifika akiwa na buti na miwani iliyofungwa kamba. Tulimpeleka kisimani kwa msafara. Alisimama mbele ya yale mawe muda mrefu, na kinamama walitabasamu wakisubiri sifa.

"Mmesafisha," alisema.

"Tumesafisha, dada," alisema Zaina. "Usiteleze."

Nadhani hapo ndipo nilipomheshimu yule mtafiti, kwa sababu alishukuru. Alishukuru vizuri kabisa, akasifu maji, kisha akaenda kukaa pembeni na kujifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilipomsogelea na kuanza kueleza, aliinua mkono ninyamaze. Nilijisikia mjinga, na nilistahili.

Saa nzima baadaye alipiga magoti akapekua kila ufa wa mawe kwa kijiti. Kwenye ufa mmoja, mahali brashi ilipokosa kufika, palibaki kipande sawa na ukucha wa kidole gumba. Akakitazama kwa lenzi ndogo, akaniita nami nitazame, na Masoudi aliyekuwa amekuja kushangaa akainama pia. Alisema jina lake ni kuvumwani, na kwamba kuvumwani ziko nyingi mno duniani, na ukitaka kujua hii ni ipi huangalii rangi wala umbo. Unatafuta kile kikombe kidogo kinachoota juu ya uzi, unafungua kifuniko chake, unahesabu meno yaliyo mdomoni.

"Meno?" aliuliza Masoudi.

"Meno, baba. Tunayaita hivyo. Yanazunguka mdomo wa kikombe."

Masoudi alinitazama kuona kama anataniwa. "Na panya je?" aliuliza. "Mnampanga kwa kitu gani?"

"Panya naye ni meno. Meno na fuvu."

Tukarudi kijijini. Tulipofika kwangu aliniuliza kwa sauti ya chini inawezekanaje utelezi na panya vyote vipangwe kwa meno, wakati utelezi hauumi. Nilisema ni mambo ya vitabuni, jibu ambalo mwalimu hutoa akiwa hajui.

Lakini kuna kitu kilikuwa kimemwingia. Wiki hiyohiyo serikali ya kijiji ilikuwa imetangaza kwamba ule mchanga utagawiwa kwa kikundi cha kupanda mikorosho. Mikorosho haichagui sana udongo, na bei ilikuwa nzuri miaka hiyo, hakuna aliyekosea. Mkutano wa kupitisha ungekuwa Jumatatu. Masoudi alifikiri kwamba kama barua moja kuhusu utelezi inaweza kuleta mtu kutoka Dar es Salaam, basi barua moja kuhusu panya wake inaweza kuzuia jembe. Akampelekea Bi Doris panya.

Alimpelekea kama mtu yeyote huku anavyompelekea panya mgeni wa heshima. Alikuwa na wanne wa mchanga aliowatunza darini tangu alipoacha kutega, wa mwisho aliowapata. Wamebabuliwa manyoya, wametumbuliwa, wamebanikwa kwa moshi wakakauka, na vichwa vimeondolewa kwa sababu kichwa ni haki ya mtegaji. Alimkabidhi kwa mikono miwili. Bi Doris aliwageuzageuza kwenye kile kijiti. Hakuna ngozi, hakuna fuvu, hakuna jino hata moja.

"Baba," alisema taratibu, "hawa siwezi kujua ni akina nani."

"Ni wa mchanga," alisema Masoudi. "Mimi ndiye nakwambia."

Ndipo Bi Doris akaeleza, na nitaeleza alivyoeleza, kwa sababu ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka. Kwenye vitabu, alisema, panya wa mchanga wa huku wamewekwa pamoja na wa mikoa mingine chini ya jina moja, na jina hilo liko kila mahali, kwa hiyo hakuna anayewahofia. Ndugu zao wengine wanaishi majangwani kabisa. Masoudi akauliza jangwa liko wapi hapa. Akajibiwa hakuna, lakini ndugu ni ndugu. Kama huyu wa Matambarale ni aina yake peke yake, basi ni adimu kuliko hata kuvumwani. Kama ni walewale, basi wako wengi, na kutoweka kwao hapa si habari.

"Kwa hiyo akiwa na jina lake, yuko hatarini," alisema Masoudi. "Akikosa jina, hayuko hatarini. Lakini panya ni yuleyule."

"Ndiyo, baba. Kwenye karatasi ndivyo ilivyo."

"Na utelezi?"

"Huo una jina lake tayari. Kwa hiyo una mtetezi."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Utelezi ulionekana adimu kwa sababu hakuna aliyewahi kuinama kuutafuta. Panya walionekana wengi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwatazama midomoni. Bi Doris alisema angeweza kuwaandikia viongozi wa kijiji kabla ya Jumatatu, lakini si kuhusu mnyama asiyemjua. Alihitaji mmoja mzima, mwenye ngozi na kichwa. Alikuwa na mitego yake ya bati, ile ya masanduku, akaitega mchangani siku nne. Waliingia panya wa kila aina isipokuwa yule.

Ijumaa asubuhi Masoudi alinikuta natoka kuoga. Alikuwa amechutama mlangoni kwangu kwa muda, kwa sababu mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi na alisimama kwa shida.

"Mwalimu," alisema, "kuna shimo moja lenye nyayo mpya. Moja tu. Mengine yote nimezunguka, yamekufa."

"Basi tega hapo."

"Nikitega hapo nitampata. Ndiyo shida yangu. Nikimpata huyo, wamekwisha. Nimuue ili aishi? Wewe umesoma, hebu nieleze."

Ningeweza kusema sijui. Ni neno moja, na ndilo lililokuwa kweli. Lakini nilikuwa na taulo shingoni, nilikuwa nachelewa kipindi, na mtu aliyesoma akiulizwa na asiyesoma huona aibu kukaa kimya. Nilimwambia kwamba hakuna mnyama anayebaki mmoja, kwamba ukimwona mmoja ujue wapo kumi hujawaona, kwamba ndivyo vitabu vinavyosema. Hata hicho kitabu sikijui. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia, "Haya, mwalimu," akaenda.

Jumamosi asubuhi alirudi na panya mmoja mzima, amemfunika kwa jani la mgomba. Alikuwa jike. Bi Doris alifurahi kama mtoto, akampima mkia, masikio, mguu wa nyuma, akafungua mdomo kwa ncha ya kibano na kutazama meno. Alisema haya si kama ya kwenye kitabu chake. Jioni ile aliandika barua kwa serikali ya kijiji akiomba mchanga uachwe hadi uchunguzi ukamilike. Jumatatu mkutano ulikubali, kikundi cha mikorosho kikapewa eneo lingine upande wa Nandagala, na nilimpa Masoudi mkono nikimwambia tumeshinda. Alinipa mkono wake, akaondoka.

Mvua za mwaka ule zilianza mapema. Kufikia mwezi wa pili kisima kilikuwa kijani tena. Ule ukucha mmoja ulitosha. Utelezi ulishuka kutoka kwenye ufa ukafunika jiwe moja, kisha la pili, mnene na laini, kana kwamba haujawahi kusuguliwa na mtu. Barua ya Bi Doris ilipokuja ikithibitisha kwamba ndio wenyewe hasa, ule adimu, kinamama waliombwa wachote maji bila kusugua. Zaina alimwaga mchanga kwenye njia ya kukanyaga, akaendelea kuulaani utelezi kila asubuhi. Ulistawi.

Habari za panya zilichelewa zaidi. Zilikuja mwaka 2002. Kwa namna nilivyoelewa, na nilizisoma mara nne, wataalamu walikubaliana kwamba fuvu lile ni la pekee, ila hawakukubaliana kama upekee huo unatosha kumpa jina. Mmoja alitaka mafuvu zaidi. Kwa wakati huo eneo lihifadhiwe. Kibao kikasimikwa pembeni mwa mchanga, chenye neno la Ruangwa upande mmoja na la Nachingwea upande mwingine, maana hata fundi wa kibao hakuwa na hakika. Masoudi akateuliwa mlinzi, akapewa kofia na buti. Kila mwaka wangekuja watu wa mradi kuangalia maendeleo.

Walikuja mara ya kwanza mwaka 2003. Walionyeshwa mashimo manne, yote yamezibwa kwa mchanga mbichi mdomoni. Wakasema mchanga mbichi ni dalili nzuri. Mwaka uliofuata wakakuta hali ileile. Mimi nilifurahi kuliko wote. Nilikuwa nimebeba lile jibu langu la Ijumaa kwa muda mrefu, na sasa niliona kwamba, kumbe, kwa bahati tu, nilisema kweli.

Mwaka 2005 mradi ulipunguza safari. Badala ya kuja, walituma fomu, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa sayansi, niliombwa niijaze na kuweka sahihi. Niliondoka alfajiri nikitaka kumkuta Masoudi kabla jua halijawa kali. Jua lilikuwa linachomoza nilipofika. Nilimwona akiwa amelala kifudifudi mchangani, kofia pembeni, mkono mmoja umezama shimoni hadi begani. Nikadhani ameanguka. Nikakimbia.

Aligeuka akanitazama, hakushtuka. Alitoa mkono, akachukua konzi ya mchanga kutoka upande wenye unyevu, akaupachika mdomoni mwa shimo na kuugongagonga kwa vidole mpaka ukakaa.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Yeye asubuhi hujifungia," alisema. "Jua lisiingie. Jioni anafungua kwa ajili ya kutoka. Nami asubuhi nafunga, jioni nafungua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomtoa yule jike."

Nilikaa chini. Nilitaka kukasirika, kwa sababu kukasirika kungenisaidia. Nilitaka kusema ni udanganyifu, watu wa mradi wanadanganywa, sayansi inadanganywa. Nilimuuliza kama anafanya hivi kwa ajili ya kofia. Alisema kofia inambana. Nilimuuliza basi kwa nini, na hapo alifuta mchanga kwenye kiwiko.

"Shimo lisilofungwa linabomoka, mwalimu. Linajaa majani, linakufa. Ulisema wapo kumi sijawaona. Nikasema haya, wakija wakute nyumba." Akaelekea shimo la pili, akalala tena kifudifudi. "Hawajaja."

Aliyasema bila lawama yoyote. Kama angenilaumu ningejua la kufanya, ningeomba radhi tukaenda nyumbani. Sikujua kama ninachokiona ni uhifadhi au ni msiba. Nilijua tu kwamba alikuwa akifanya hivyo kila siku kwa miaka mitano, kwa sababu ya neno nililosema nikikimbilia kipindi.

Nilitoa fomu mfukoni nikaifungua juu ya goti. Iliuliza jina la eneo, wilaya, tarehe. Kisha iliuliza: mashimo yanayotumika ni mangapi? Masoudi alikuwa ameshafika la tatu. Nilimsubiri hadi akamaliza la nne, akasimama na kujipangusa magoti, ndipo nikaandika.

Manne.